Sikio la Njaa

Kwa Kiswahili, njaa husikika. Tunasema nasikia njaa, nasikia kiu, nasikia usingizi, kana kwamba mwili una redio inayotangaza kutoka ndani. Mtaani tumeipa njaa jina jipya, ubao, lakini kitenzi hatukukigusa. Mtu atakwambia, "Manze, naskia ubao ile mbaya," na hakuna atakayemuuliza ubao unalia vipi. Tumeizoea kauli hii hadi hatuulizi swali lililo wazi: kama njaa inasikika, sikio lake liko wapi? Na je, likizidiwa?

Swali hilo lilikuja kwetu mwaka 2022, likamkuta Senje.

Senje ni dadake baba. Kwa miaka 26 aliendesha kibanda huko Indaa, mabati machache na mabenchi mawili, akiwalisha vijana wa mikokoteni, wapakiaji wa malori na akina mama wa viwandani. Chapo madondo, matumbo, ugali na sukuma, Ijumaa omena. Nikiwa chuoni nilikuwa namsaidia wakati wa likizo, na alikuwa na kipaji kimoja kilichonishangaza. Angemwangalia mtu anayekaribia, kisha aninong'oneze, "Huyo hajala tangu jana. Mwekee ugali mkubwa, na usimwambie kitu." Siku zote nilizokuwa pale, hakukosea.

Alipatikana na saratani ya kongosho. Kabla hata jina la ugonjwa halijatuingia vizuri, kilichotutisha ni sahani. Mwanamke aliyekuwa akilisha watu zaidi ya mia kwa siku sasa alikaa mbele ya bakuli la uji kama mtu aliyeandaliwa mchanga. Alionja, akameza kwa adabu, akalisukuma bakuli pembeni.

"Chakula si kibaya, mwanangu," aliniambia. "Ni vile hakiniiti."

Nyumba ikageuka kampeni. Binamu yangu alipika kila kitu alichojua mamake anapenda: mrenda, kuku wa kienyeji, supu ya mifupa, ndizi za kuponda. Akina mama wa kanisa walikuja na chupa za chai na maombi. Majirani walileta juisi ya bitiruti, tangawizi na ushauri wa bure. Na kila alipokataa, sauti zilipanda. Mama, vijiko viwili tu. Usipokula utapona vipi? Unataka kutuacha? Jumapili moja Baba Mkubwa, aliyekuwa amesafiri usiku kucha kutoka Kakamega, alisimama mlangoni, akamtazama dadake kwa muda mrefu, kisha akasema polepole: "Sikio la kufa halisikii dawa."

Hakuisema kwa ubaya. Alikuwa mzee aliyechoka na aliyeogopa. Lakini nilimwona Senje akigeukia ukuta. Methali hiyo kwa kawaida huambiwa mkaidi, yule aliyeonywa mara saba akaziba masikio. Kumwambia mgonjwa ni kumwambia: haya umeyachagua mwenyewe.

Mimi nilisoma biokemia. Siku hizi nauza vifaa vya simu pale Luthuli, kwa sababu Nairobi ina mipango yake kuhusu watu wenye digrii. Lakini chuo kilinifundisha jambo moja ambalo halikuisha na mitihani: sikio la njaa lipo kweli, lina umbo, na limeshapigwa picha. Usiku ule niliona kwamba lazima mtu amtetee Senje, na mashahidi niliokuwa nao walikuwa molekuli.

Hadithi ya sikio hilo ilianza kinyumenyume. Kwa kawaida wanasayansi hugundua homoni kwanza, kisha wakatafuta kipokezi chake, yaani protini iliyo kwenye ukuta wa seli ambayo huipokea homoni na kupeleka habari ndani. Safari hii dawa zilitangulia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, Cyril Bowers wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, alikuwa akitengeneza vipande vidogo vya peptidi vilivyoifanya tezi ya pituitari imwage homoni ya ukuaji. Vilifanya kazi, lakini haikujulikana vinaongea na nani. Mwaka 1996 watafiti wa kampuni ya Merck wakakipata kipokezi chenyewe. Sasa sikio lilikuwepo, na dawa za kulipigia kelele zilikuwepo, ila sauti ya mwili ambayo sikio liliumbwa kuisikiliza ilikuwa bado haijapatikana. Wanasayansi hukiita kipokezi cha namna hiyo yatima.

Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani waliipata sauti hiyo, mahali ambapo haikutarajiwa. Haikutoka kwenye ubongo. Ilitoka tumboni. Waliiita grelini. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 28, na kwenye ile ya tatu pamebandikwa mkia mdogo wa mafuta wenye kaboni 8. Bila mkia huo, grelini inasimama mbele ya kipokezi kama mgeni aliyefika getini bila kitambulisho: askari anamwona, lakini hamfungulii. Kimeng'enya kinachoubandika mkia kilitambuliwa mwaka 2008, na wagunduzi wakakipa kifupisho ambacho kwa Kiingereza kinasomeka "mbuzi". Kama Mkenya, sina pingamizi. Hamu ya kula inaanza na mbuzi.

Grelini hupanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula. Mwaka 2001 watafiti wa London waliwatia watu 9 wenye afya grelini kwenye mshipa, kisha wakawaandalia meza wajipakulie wenyewe. Walikula asilimia 28 zaidi ya siku waliyotiwa maji ya chumvi tu.

Sasa tulitazame sikio lenyewe. Chukua uzi, upitishe kwenye ukuta wa seli mara 7, nje, ndani, nje, ndani. Hicho ndicho kipokezi cha grelini: nguzo 7 zimesimama duara, na katikati pamebaki mfuko uliofunguka kwa nje. Picha zake za karibu zilianza kuchapishwa mwaka 2020, na mwaka 2021 zikaja zile zilizokionyesha kikiwa kimeshikwa na grelini au na dawa, kikiwa macho, kikifanya kazi. Ndani ya mfuko, asidi amino mbili, moja yenye chaji hasi na nyingine chanya, zimeshikana mikono kutoka nguzo moja hadi nyingine na kuugawa mfuko vyumba viwili. Grelini huingiza kichwa chake humo, na ule mkia wa mafuta hujipenyeza kwenye upande wake, katikati ya sehemu zinazopenda mafuta.

Dawa ni ndogo sana ukiilinganisha na grelini. Ibutamoreni, ambayo wengi wanaijua kwa namba yake, MK-677, haina mnyororo wa asidi amino 28 wala ule mkia. Hata hivyo inaingia mfuko uleule na kushika. Haihitaji kufanana na homoni nzima. Inahitaji kugusa pale panapohitaji kuguswa. Fikiria mchekeshaji wa redio anayemwiga rais. Ukimwona hafanani naye hata kidogo, lakini ukiwa kwenye matatu unasikiliza tu, unaweza kukaa wima.

Kinachofuata hutokea upande wa pili wa ukuta. Mgeni akishakaa vizuri mfukoni, nguzo zinasogea. Ile ya 6 inayumba kwa nje upande wa chini, na ndani ya seli nafasi inafunguka. Protini ya G inaingia kwenye nafasi hiyo, inaamshwa, na ujumbe unasambaa. Kalsiamu inapanda ndani ya seli. Kwenye haipothalamasi, neva za hamu ya kula zinaanza kupiga kelele. Pituitari inamwaga homoni ya ukuaji. Na haya yote yametokea bila dawa kuvuka ukuta na kuingia ndani ya seli.

Lakini kuna sifa moja ya kipokezi hiki iliyonifanya niweke simu chini. Vipokezi vingi hukaa kimya hadi homoni ifike. Hiki hakinyamazi. Kikipimwa kwenye seli za maabara, pasipo na grelini hata tone, kinafanya kazi kwa karibu nusu ya uwezo wake wote. Kinasikia hata kwenye ukimya. Na minong'ono hiyo si ya bure: mwaka 2006 watafiti walieleza familia zenye badiliko la jeni linaloizima, huku kipokezi kikiendelea kuitikia grelini kama kawaida, na humo walikutwa watu wenye kimo kifupi kupita kawaida. Ndiyo maana dawa zake ziko za namna tatu. Kuna zinazokipandisha sauti. Kuna zinazokaa mlangoni tu na kuwazuia wengine. Na kuna zinazokishusha hadi chini ya minong'ono yake. Mwili una yake ya kushusha pia, inaitwa LEAP2, hutengenezwa kwenye ini na utumbo mdogo, na uhasama wake na grelini ulijulikana mwaka 2018.

Kwa hiyo mwili haujaanza kimya ukasubiri kuambiwa uko na njaa. Mwili huzaliwa ukiwa nusu njiani kuelekea mezani. Mtu asiyesikia njaa hajalegea kiasi cha kushindwa kufanya jambo rahisi. Kuna kitu kimelizidi nguvu sikio ambalo halijui kulala.

Na kwa wagonjwa wa saratani wanaokonda, jambo lenyewe ni la kuumiza zaidi: mara nyingi grelini yao haijapungua. Imepanda. Tumbo linaita kwa sauti kubwa kuliko la mtu mzima wa afya. Lakini kinga ya mwili, ikiwa imechokozwa na uvimbe, inamwaga kemikali zake zinazokata hamu na kuyeyusha misuli. Protini nyingine, GDF15, inafika kwenye shina la ubongo na kuleta kichefuchefu. Ni kama kumwita mtu jina lake mbele ya spika za kilabu saa nane usiku. Unaita, unaita tena, yeye anaona midomo yako tu.

Nilimweleza Baba Mkubwa haya tukiwa nje, tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Sikutaja nguzo 7 wala kalsiamu. Nilimwambia tumbo la Senje linamwita, ila ugonjwa unapiga kelele kumshinda.

"Kwa hiyo si kwamba amekataa?"

"Hajakataa, Baba Mkubwa. Hasikii."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaingia ndani, akaliondoa lile bakuli kitandani, akakaa. Badala ya kumwambia ale, akamuuliza ni nani bado ana deni la kibanda. Senje akaanza kuhesabu majina. Alikuwa anakumbuka hadi deni la chapati mbili la mwaka 2019. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa wiki nyingi nilipomsikia akicheka.

Dawa, hata hivyo, tulikuwa bado tunaitafuta. Binamu yangu alikuwa ameleta vidonge vya hamu ya kula kutoka kemisti moja karibu na steji. Vilikuwa siproheptadini, dawa ya mzio ambayo mjini wengi huinunua ili wanenepe. Haiongei na kipokezi cha grelini kabisa. Inaziba vipokezi vya histamini na serotonini, na hamu ya kula huja kama mgeni aliyefuatana na mwenye mwaliko. Usingizi nao huja. Ilishajaribiwa zamani kwa wagonjwa wa saratani iliyosambaa: hamu ilipanda kidogo, uzito ukaendelea kushuka. Senje alilala mchana kutwa, akaamka jioni akiwa haelewi ni saa ngapi, na hakula. Daktari wake akasema tuiache.

Dawa inayoongea na sikio lenyewe ipo. Inaitwa anamorelini, miligramu 100, mara moja kwa siku. Japani iliidhinisha mwaka 2021 kwa wagonjwa wanaokonda kutokana na saratani za mapafu, tumbo, utumbo mpana na kongosho. Nilipofika kwenye neno kongosho nilisimama, nikazunguka chumba, nikarudi kusoma.

Majaribio mawili makubwa yalichapishwa mwaka 2016, yote kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, wiki 12 kila moja. Katika la kwanza, waliomeza anamorelini waliongeza karibu kilo 1 ya mwili usio mafuta, huku waliopewa kidonge kitupu wakipoteza karibu nusu kilo. Hali yao ya hamu ya kula iliboreka pia. Kisha wakapewa kifaa cha kuminya kwa mkono ili nguvu ipimwe, na hapo hapakuwa na tofauti. Mwili ulikuwa umeongezeka, nguvu haikuongezeka. Kwa sababu ya mambo kama hayo, wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliikataa mwaka 2017. Na hapa kwetu daktari wa Senje hakuwa na njia ya kumwandikia.

Nilimweleza Senje yote, kwa sababu alipenda kuelezwa. Nilimwambia pia kwamba Marekani, tangu mwaka 2016, kuna dawa ya kundi hilohilo, kapromorelini, iliyoidhinishwa kwa mbwa waliokosa hamu ya kula.

"Mbwa?"

"Mbwa, Senje. Ya maji, wanatiliwa mdomoni."

Alifikiri. "Basi niandikie barua ya kuomba kazi ya kulinda geti huko."

Kisha akauliza swali ambalo sijalisikia likiulizwa vizuri hivyo hata chuoni. "Hiyo ya Wajapani, ikinipa kilo moja, hiyo kilo itanisaidia kubeba sufuria?" Nikamwambia kwa walivyopima, pengine hapana. "Sasa nitaifanyia nini?" Halafu, baada ya muda: "Lakini kusikia harufu ya kitunguu na kukitaka. Hiyo ningeilipia."

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi, hasa nikiwa kazini. Maduka machache kutoka langu kuna kijana wa jimu, mtu mzuri, anayejenga mwili. Siku moja alinionyesha kichupa alichoagiza mtandaoni: MK-677. Kusudi lake lilikuwa misuli. Njaa kwake ilikuwa usumbufu tu unaokuja nayo. "Boss, hii kitu inanipea ubao ya kufa mtu," alisema. Nikamwambia ninachokijua. Haijawahi kuidhinishwa kuwa dawa. Wazee wenye afya walipoinywa kwenye utafiti wa miaka 2, mwili usio mafuta uliongezeka, nguvu haikuongezeka, sukari ya damu ikapanda. Utafiti mwingine, wa wazee waliovunjika nyonga, ulisimamishwa mapema kwa sababu ya dalili za moyo kushindwa kufanya kazi. Na kwa mwanariadha yeyote, katika nchi hii ya wanariadha, imo kwenye orodha ya WADA ya dawa zilizopigwa marufuku. Alinisikiliza, akakirudisha kichupa mfukoni. Kama alikitupa ama alikimaliza, hiyo ni siri yake.

Ilinipata ajabu kwamba yeye na Senje walikuwa wanaongea juu ya mfuko mmoja, upana wake usiofika hata sehemu ya milioni ya milimita kumi, wote wakitaka kitu kiingie humo. Yeye alitaka kilo. Senje alizikataa kilo, akataka kuitwa. Sayansi ya leo inajua kuiga sauti ya tumbo vizuri sana. Kinachoisumbua ni yale makelele mengine. Ndiyo maana watafiti wengine wameelekea kwenye spika zenyewe, wakijaribu kingamwili za kuifunga GDF15, na majaribio ya mwaka 2024 yaliwapa wagonjwa wa saratani uzito kweli. Nazifuatilia habari hizo jinsi wengine wanavyofuatilia ligi.

Miezi ya mwisho, nyumba ilibadilika. Sahani kubwa ziliondoka, zikaja sosa. Binamu yangu aliacha kuhesabu vijiko. Jioni walikuwa wanakaanga vitunguu mlango ukiwa wazi, na Senje angesema, "Hivyo vimeungua," ama, "Ongeza nyanya sasa," akisimamia jikoni kutoka kitandani. Siku nyingine aliomba chai ya rangi, akanywa nusu. Siku nyingine hakuomba kitu, na hakuna aliyempigia kelele. Zilitosha zile za ndani.

Alituacha Februari 2023. Tulimzika nyumbani, na kama ilivyo kwetu, watu walikula: sufuria kwa sufuria, foleni hadi kwenye miti. Nikiwa nagawa maji ya kunawa nilimsikia mama mmoja, rafiki wa zamani, akisema kwa huzuni ya kweli kwamba kilichommaliza Senje ni kukataa kula.

Baba Mkubwa alikuwa kwenye kiti cha pili. Aliweka sahani yake chini.

"Hakukataa," alisema. "Alikuwa hasikii njaa. Hicho ni kitu kingine kabisa."

Yule mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeipanga upya habari aliyokuwa nayo. Baba Mkubwa akanigeukia, akaniuliza kama mrenda umebaki, kwa sababu yeye, alisema, bado anaisikia.